Stresi Yako Ina Maksi Ngapi?

Mfyuu! Wamepita tena watu wa utafiti na vishikwambi vyao.

Vijana wenyewe ni wastaarabu, hatuna ugomvi nao. Fulana zimenyooshwa, vitambulisho vinaning'inia shingoni, salamu wanatoa kwa Kiswahili na Kirundi, na baadhi yao wamezaliwa humu humu kambini, mama zao tunawajua. Ugomvi wetu ni na kilichomo ndani ya kishikwambi. Katika wiki mbili zilizopita, mama, ni mara ngapi umejisikia huna raha? Hapana kabisa, siku chache, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku? Chagua moja tusonge mbele. Hapa kijiweni, kwenye kivuli cha kibanda cha fundi simu, watoto wanalijua swali hilo kuliko wanavyojua jedwali la kuzidisha.

Safari hii wanapima namna watu wanavyouhimili msongo wa mawazo. Stresi, kwa lugha ya kijiweni. Kama unayo au huna, hilo wameshalimaliza. Sasa wanataka kujua unaibebaje. Ndipo kijiwe kilipoamka, maana kama kuna somo ambalo Dzaleka ina maprofesa wake, ni hilo.

Kwa asiyepajua: Dzaleka ipo wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Kamuzu Banda palikuwa gereza la kuwafungia waliompinga. Mwaka 1994 pakageuzwa kambi ya wakimbizi, ikakadiriwa kubeba watu 10,000, wakizidi sana 12,000, waliokuwa wakizikimbia bunduki za Rwanda, Burundi na Kongo. Leo tumevuka 50,000. Wengi wetu ni Wakongo, wanafuata Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachotuuzia nyanya, kinachotuamulia ugomvi na kinachotusengenya. Kijiwe chetu ni hivyo hivyo: fundi simu mwenye kibanda, Mama Mandazi na beseni lake, Mzee wa Fizi ya Kongo tunayemwita Papa hata sisi tusio watoto wake, Mwalimu ambaye ni Mrundi, na kijana mmoja wa Kimalawi wa baiskeli ya kabaza ambaye Kiswahili amekiokota barabarani kwa kubeba abiria wetu.

"Tuyachambue," alisema Mwalimu. Huyu hawezi kuona karatasi ya maswali bila kutaka kuisahihisha.

Tukaanza na yale maswali 9 ya wiki mbili zilizopita. Yalitungwa Marekani, yakachapishwa mwaka 2001, na siku hizi yamezunguka dunia nzima. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo mtu anaweza kupata 0 mpaka 27, na akifika 10 mhudumu wa afya anaanza kumtazama kwa jicho la pili. Wanauliza habari za usingizi, uchovu, kukata tamaa, hamu ya kula.

"Hapo kwenye hamu ya kula," Mama Mandazi akadakia, "mimi nilimwambia yule mtoto: mwanangu, hamu ninayo tele, haijawahi kupungua hata siku moja. Kilichopungua ni unga. Akanitazama, akatazama simu yake kubwa, akaniambia, mama, hapa hakuna sehemu ya kuandika unga."

Kijiwe kikacheka hadi mteja wa fundi simu akageuka. Lakini liangalie jambo lenyewe. Mtu asiyelala kwa sababu moyo umemwelemea na mtu asiyelala kwa sababu paa la nailoni linavuja wanapata alama sawa. Mmoja anahitaji kuongea na mtu, mwingine anahitaji mabati. Kishikwambi kinawaweka kwenye kapu moja.

Likaja dodoso lingine la mwaka 1983, la Sheldon Cohen na wenzake, linalopima jinsi mtu anavyoyaona maisha yake kuwa yamemzidi nguvu. Linauliza habari za mwezi uliopita: umejiona unayamudu mambo muhimu ya maisha yako? Umejiona mambo yanakwenda unavyotaka? Mzee wa Fizi alilisikiliza hadi mwisho, akasonya polepole kama mtu anayenyonya mbegu ya embe.

"Mambo yangu muhimu yako kwenye faili," alisema. "Faili liko ofisini. Ofisi ikifunguliwa, mwenye faili amehamishwa. Mimi niyamudu kwa kutumia nini?"

Hakuna aliyembishia. Wapo watu humu wana miaka 20 wakisubiri kesi zao za kwenda Marekani, Kanada au Australia. Wamehojiwa, wamepigwa picha, wamepimwa vifua, wameuza kitanda kwa sababu safari imekaribia. Halafu Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Uliza mtu wa namna hiyo kama mwezi uliopita mambo yamekwenda alivyotaka. Aibu ni ya muulizaji.

Sasa tukafika kwenye dodoso linalojidai kupima uhimilivu wenyewe. Charles Carver, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa toleo refu na wenzake mwaka 1989, kisha mwaka 1997 akalifupisha likawa maswali 28. Yamepangwa mawili mawili, kwa hiyo ni njia 14 ambazo mwanadamu huzitumia shida ikimkaba. Mwalimu alizihesabu kwa vidole vya watu watatu. Kuchukua hatua. Kupanga. Kuangalia upande mzuri. Kukubali. Kutania. Kusali. Kutafuta wa kukufariji. Kutafuta wa kukusaidia kwa vitendo. Kujishughulisha usahau. Kukana kwamba limetokea. Kutoa dukuduku. Kulewa. Kukata tamaa. Kujilaumu.

"Zote 14 nimezifanya kabla ya saa nne asubuhi," alisema fundi simu.

Huyu fundi simu msimchukulie kwa utani wake. Ndiye aliyetupa hoja ya siku. Alisema yule kijana alipomuuliza kama amechukua hatua yoyote kuibadili hali yake, alimjibu: "Nilichukua. Nilichukua minibasi."

Alichukua minibasi hadi Lilongwe. Alikodi chumba na kibaraza Area 25, akaweka sukari, sabuni, mafuta, vocha na meza ya kutengenezea simu. Alikaa huko miaka, akalipa kodi ya pango, watoto wakasoma, majirani zake Wamalawi wakakopa na kulipa. Ukimpima kwa lile dodoso la Carver enzi hizo angefaulu vizuri: anachukua hatua, anapanga, anaangalia upande mzuri. Mtu wa mfano! Kisha ikaja 2023. Tarehe 27 Machi serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na ikawapa hadi 15 Aprili. Amri kama hiyo ilikuwa imetolewa 2021, mahakama ikaizuia, watu wakajisemea labda na hii itapoa. Haikupoa. Kuanzia 17 Mei polisi walipita kwenye mitaa ya Lilongwe wakikusanya watu. Wengine walipitishwa gereza la Maula, wakiwamo watoto, kabla ya kuletwa huku. Mashirika ya haki za binadamu yalipiga kelele, na kelele zilisikika mbali kuliko zilivyosikika hapa.

"Kwa hiyo mimi," fundi simu akaendelea, "Jumanne nina duka, Alhamisi nina boksi moja na bisibisi. Moyo ni huu huu. Akili ni hii hii. Namna yangu ya kubeba shida haikubadilika kati ya Jumanne na Alhamisi. Sasa ile hatua yangu niiandike 1 au niiandike 4?"

Mfyuu! Mjibuni basi, enyi wenye vishikwambi.

Mwalimu akajaribu. Alisema wanasaikolojia wawili, Richard Lazarus na Susan Folkman, waliliona hili tangu 1984. Waliandika kwamba mtu hubeba shida kwa namna mbili kubwa: analikamata tatizo lenyewe alibadilishe, au anaukamata moyo wake usipasuke. Na hawakusema kwamba moja ni ya werevu na nyingine ni ya wavivu. Walisema inategemea. Penye tatizo linalobadilika, libadilishe. Penye lisilobadilika, tuliza moyo, maana ukiupigia ukuta kichwa, kichwa ndicho kitakachopasuka.

"Safi," alisema Mzee wa Fizi. "Hao nimewapenda. Sasa, Mwalimu, niambie: nani anaamua lipi linabadilika na lipi halibadiliki?"

Mwalimu akaangalia barabarani. Fundi simu ndiye aliyejibu: "Serikali, Papa."

Hapo ndipo penyewe. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwishoni mwa mwaka 1987, lakini ilijiunga kwa masharti. Vifungu kadhaa iliviwekea kizuizi, kikiwamo cha mkimbizi kwenda anakotaka ndani ya nchi, cha kuajiriwa na cha mali. Sheria ya Wakimbizi ikafuata mwaka 1989, na ndiyo hiyo tunayoishi nayo. Kwa miaka mingi haikung'ata sana. Mtu aliomba kibali cha kutoka, akaenda Lilongwe, kibali kikaisha, maisha yakaendelea, na kila mtu akajifanya hakuona. Meno yapo kinywani hata kama mdomo umefumbwa, na siku ulipofumbuliwa tuliyaona.

Basi tazama orodha ya Carver kwa macho ya mtu wa Dzaleka. Kuchukua hatua: kunahitaji kibali. Kupanga: utapanga nini na hujui kama mwakani utakuwa Dowa, Ohio au kaburini? Kutafuta msaada wa vitendo: ofisini, foleni. Lakini kusali ni bure. Kutania ni bure. Kukubali ni bure, tena kunashangiliwa. Kukata tamaa hakuombewi kibali. Zile njia ambazo semina zote zinatuhimiza tuzifuate ndizo zenye askari mlangoni, na zile tunazoonywa nazo ziko wazi usiku na mchana. Halafu matokeo yakitoka, utasikia: wakimbizi wa Dzaleka wanaonyesha tabia ya kukwepa matatizo badala ya kuyakabili. Nyoo! Walioyakabili mliwapakia kwenye lori.

Kijana wa kabaza alikuwa kimya muda wote, mguu mmoja juu ya pedali. Akaingilia.

"Samahani, agogo," alimwambia Mzee. "Mimi ni Mmalawi. Kibali siombi. Nikitaka leo nakwenda Lilongwe, kesho Blantyre. Lakini sina kazi, sina mtaji, na tangu kwacha iliposhushwa ile Novemba 2023 spea za baiskeli sizishiki. Mnavyosema, mtu atadhani stresi imezaliwa humu ndani ya kambi."

Jamani, alisema kweli, na kijiwe hakikumzomea. Mwezi huo benki kuu iliishusha kwacha kwa asilimia 44 kwa siku moja, na bei ziliruka pande zote mbili za uzio usioonekana. Wako wanakijiji wanaotuzunguka ambao wakipimwa leo kwa yale maswali 9 watatushinda kwa alama. Na ukweli mwingine tuuseme: baadhi ya Wamalawi waliifurahia ile amri kwa sababu waliona maduka ya wageni yamejaa mitaani kwao na wao hawana hata genge.

"Mjukuu wangu," Mzee alimjibu, "hujakosea. Wewe umefungwa na umaskini. Mimi nimefungwa na umaskini na karatasi. Umaskini wako ukilegea kidogo, utapanda baiskeli uende. Wangu ukilegea, nitafika njiapanda ya Dowa nirudishwe. Kwenye simu ya yule mtoto, mimi na wewe tutapata alama moja. Ndiyo maana nasema mashine hiyo haioni vizuri."

Tukahamia kwenye njaa, maana stresi bila njaa ni hadithi ya matajiri. Hapa Mama Mandazi ndiye mwenye kiti. Kuna dodoso fupi la maswali 5 ambalo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hulitumia karibu kila penye posho. Lenyewe ni mtoto wa Afrika Mashariki. Mtafiti Daniel Maxwell alilianzia Kampala. Aliwauliza wanaopika majumbani wanafanyaje pesa ya chakula inapokata, akaona majibu yanafanana nyumba hadi nyumba na yana ngazi: kuna yale mtu anayafanya kwa wepesi, na kuna yale anayafanya akiwa ameshindwa. Mwaka 1996 akachapisha hesabu yake. Baadaye ikafupishwa, na leo inauliza: katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi mmekula chakula cha bei ya chini msichokipenda? Ni ngapi mmekopa chakula au kutegemea ndugu na jirani? Ni ngapi mmepunguza kipimo kwenye sahani? Ni ngapi wakubwa wamejinyima ili watoto wale? Ni ngapi mmepunguza idadi ya milo?

Kisha kila jibu linazidishwa kwa uzito wake. Chakula duni, kupunguza kipimo na kupunguza milo vina uzito wa 1. Kukopa kuna uzito wa 2. Mkubwa kujinyima kwa ajili ya mtoto kuna uzito wa 3.

Mama Mandazi aliifanya hesabu yake palepale, kwa kijiti, kwenye vumbi. Chakula duni siku 7, hiyo 7. Kukopa siku 2, mara 2, ni 4. Kupunguza kipimo siku 5, ni 5. Kujinyima siku 3, mara 3, ni 9. Kupunguza milo siku zote 7, ni 7. Jumla 32. Mwalimu akamwambia kwamba wataalamu wa njaa wakiona 19 na kuendelea wanahesabu kaya imeingia kwenye hali mbaya.

"Kumbe nimefaulu sana," alisema Mama Mandazi. "Sasa hii 32 naipeleka wapi? Dukani wanaipokea?"

Tukacheka, lakini kipimo hiki tusikidharau. Angalau huyu Maxwell alianza kwa kuwasikiliza wenye sufuria. Ule uzito wa 3 unamjua mama anayesema ameshashiba kwa rafiki yake na hajagusa kitu. Shida ya kipimo hiki ni dari. Ukizidisha kila kitu kwa siku 7, mwisho ni 56. Ukishafika 56 wiki hii, na wiki ijayo hali ikawa mbaya zaidi, namba haina pa kwenda. Na kuna ndugu yake mwingine, dodoso la siku 30, linalouliza kama umeuza vyombo vya ndani, kama umeuza zana za kazi, kama umewatoa watoto shule, kama umeomba barabarani. Waliolitunga walikuwa na akili, waliweka jibu la tatu: hapana, kwa sababu nilishauza vyote zamani. Dzaleka nzima inaishi kwenye jibu hilo la tatu.

Kuna na hofu, ambayo haipimwi na chochote. Posho letu siku hizi ni pesa taslimu, na limeshapunguzwa kwa sababu mfuko wa wafadhili umetoboka. Kwa hiyo kila anayekuja na maswali, watu wanamwangalia kama anayekuja na mkasi. Kijiwe kina imani yake, na wenye vishikwambi wakiikanusha haiondoki: ukijibu kwamba unahimili vizuri, utaambiwa huna shida, mpishe mwenzio. Ukijibu kwamba umeshindwa, utaambiwa pole, subiri. Mtu anajibu akiwa amelishika tumbo la mtoto wake mkononi. Halafu eti hayo ndiyo matokeo ya utafiti.

"Kwa hiyo mnataka tusipimwe?" Mwalimu aliuliza, sasa amesimama. "Mnataka waseme Waafrika wana mioyo ya chuma, wanacheka na kucheza ngoma, waacheni? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyepima atasema ni mwepesi."

Hapo Mwalimu alitushika, na haki yake tumpe. Mwaka 2013 jarida kubwa la madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika kwetu, mashariki mwa Kongo, Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono vitani. Baadhi walikutana kwa vikundi wakapewa tiba ya mazungumzo yenye utaratibu, wengine walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Walipimwa kabla, baada, na tena miezi kadhaa baadaye. Wa vikundi walipata nafuu kubwa zaidi, ingawa wengi hawakuwa wamesoma na bunduki zilikuwa bado zinalia. Bila vile vipimo, nani angeamini? Wangesema tiba ya namna hiyo ni ya watu wa Ulaya wenye makochi. Hapo kijiwe hakikutania, maana wapo dada zetu humu waliotoka huko huko.

Akaongeza mabibi wa Harare. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuongea nao hadi tatizo likatike vipande. Kipimo chao kina maswali 14 na kilitokana na yale ambayo wagonjwa wa Zimbabwe wenyewe walikuwa wakiyasema, wala hakikuletwa na ndege. Mwaka 2016 wakaonyesha kwa namba kwamba benchi lao linafanya kazi. Benchi hilo limefika Zanzibar, na hapa Lilongwe limejaribiwa kwa kina mama wenye virusi vya Ukimwi. Hata Malawi yenyewe ina dodoso lake la maswali 20 ya ndiyo na hapana, la Shirika la Afya Duniani, lililowekwa Kichewa na kuhakikiwa kwa kina mama mwaka 2009. Kumbe inawezekana kipimo kikamfuata mtu alipo.

"Na Uganda je?" Mwalimu alikuwa amepata upepo. "Kambi ya Rhino, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, vijiji 14. Walisikilizishwa mafunzo ya kutuliza moyo yaliyorekodiwa, mikutano 5 tu. Matokeo yalichapishwa 2020. Miezi mitatu baadaye walikuwa na nafuu kuliko wenzao."

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri," alisema Mzee wa Fizi. "Uganda sheria yao ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Sisemi kule ni peponi, posho limekatwa huko pia. Lakini yule mama wa Rhino, moyo ukishatulia, kesho yake anaweza kubeba kapu akaenda Arua kuuza. Mafunzo yanamwamsha na njia ipo. Sisi mnatuamsha halafu mnatuambia tukae."

Nami nikakaa upande wa Mzee, na nitakaa hapo hapo. Watu wa hapa wanajua kubeba. Wanawake wana likelemba yao ya kuchangiana kila wiki, na wengine wameingia kwenye banki nkhonde na majirani wa Kimalawi, wanakopeshana mtaji wa nyanya na vitumbua. Makanisa yamejaa hadi mtu anachagua kwa sauti ya spika. Tangu 2014 tuna tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na Menes La Plume, mshairi aliyetoka Kongo kama sisi, na siku hizo watu wanatoka Lilongwe kuja Dzaleka kwa hiari yao, wanalala kwenye nyumba zetu, wanakula tunachokula. Dodoso likikutana na haya linayaandika kama kusali, kutania na kujishughulisha usahau. Carver mwenyewe alishawaonya watumiaji wake wasijumlishe yale maswali 28 kuwa alama moja ya jumla. Hawasikii. Ripoti inataka namba moja, na namba moja itapatikana.

Yule kijana wa kishikwambi alirudi jioni kumalizia nyumba za upande wa pili. Mama Mandazi akamwita, akampa andazi, akamuuliza: "Na wewe mwanangu, umepata ngapi?" Kijana akasema yeye hamo kwenye orodha ya kuhojiwa. Hamo kweli. Na yeye ni mkimbizi, na kwa sababu mkimbizi haajiriwi, anachopewa mwisho wa mwezi hakiitwi mshahara, kinaitwa kifuta jasho. Anapima stresi ya kambi nzima kwa kifuta jasho, halafu analala nyumba ya tatu kutoka kwa wale aliowapima.

Basi kijiwe kina maombi mawili, na tumeyatoa kwa adabu. La kwanza, majibu yarudi. Redio Yetu ipo hapa hapa Dzaleka. Yasomwe hewani kwa Kiswahili, watu wapige simu wabishe. Mtu aliyekupa usingizi wake na sahani yake ana haki ya kujua ulizipeleka wapi.

La pili, liongezwe swali moja kwenye dodoso: katika siku 30 zilizopita, ni mara ngapi umezuiwa kufanya jambo ambalo lingekupunguzia stresi, na nani alikuzuia? Liwekewe uzito wa 3, kama la mama anayejinyima. Hapo namba zitaanza kusema zinakotoka. Fundi simu alikuwa na alama zake Jumanne na alama nyingine Alhamisi, na katikati hakuugua wala hakufiwa. Kilichopita katikati ni amri.

Hatusemi kibali kitatibu kila kitu. Aliyeota bunduki usiku ataendelea kuiota Area 25, na huyo apewe benchi, bibi na dawa. Lakini irekebisheni ile sheria ya 1989, mtu atoke asubuhi kwenda kuuza Lilongwe bila kujificha nyuma ya gunia, mngoje mwaka mmoja, kisha mje na vishikwambi vyote mlivyo navyo. Tutayajibu maswali yote 28, na yale 9, na yale ya njaa. Alama zikibaki zilezile, tutakubali kwamba kasoro ilikuwa kwenye mioyo yetu.